Pilipili Iko Shamba, Yatuwashia Nini?

Jamani, tusidanganyane. Kuna ugonjwa umeingia katika vijiwe vyetu vya uandishi, nao ni ugonjwa wa kujivunia kutojua hesabu. Kijana akishatunga mashairi mawili na hadithi fupi moja, anaanza kutembea kifua mbele kama mtu aliyesamehewa jedwali la kuzidisha. Mtajie kompyuta, anakuambia hayo ni mambo ya wale wa namba, yeye ni mtu wa hisia. Mtajie programu, anakujibu kwa methali: pilipili iko shamba, yakuwashia nini?

Upande wa pili wa mtaa wako vijana wa kompyuta, nao wana ugonjwa wao. Wao wanajivunia kutojua lugha. Kwao neno ni mfuatano wa herufi tu, shanga kwenye uzi. Liwe la Kiswahili, liwe la Kiingereza, iwe namba ya gari, yote mamoja. Ukiwaambia kwamba lugha ina tabia zake wanakucheka: bwana, herufi ni herufi.

Mimi nagombana na pande zote mbili, na silaha yangu ni ndogo mno. Ni chemshabongo moja wanayopewa watunga programu wanapojifunza kazi, na mara nyingi wanapoomba kazi. Inasema hivi: umepewa neno, je, herufi zake zinaweza kupangwa upya zikawa palindromu?

Palindromu, kwa asiyejua, ni neno au sentensi inayosomeka vilevile ukianzia mwanzo au ukianzia mwisho. Tunazo: ini, aga, apa, ewe. Ukisema "wote wamekuja ila Ali," yale maneno mawili ya mwisho yasome kinyumenyume uone yanavyorudi palepale. Lakini sikiliza vizuri. Swali haliulizi kama neno ulilopewa ni palindromu tayari. Linauliza kama herufi zake, ukizimwaga mezani na kuzipanga unavyotaka, zinaweza kutoa palindromu.

Ni swali la dakika kumi. Nadai kwamba ndani yake umo ugomvi wetu wote: nani anaamua herufi ni kitu gani, na nani anayejua kwamba kinachowezekana si lazima kiwe na maana.

Tuanze na jibu, maana sitaki mtu aniambie nimekwepa hesabu.

Nenda Karume au Gikomba, mtazame muuza viatu vya mitumba akifungua robota. Viatu vimemwagika ovyo. Anaokota kimoja, anatafuta mwenzake. Akimpata anaviweka pamoja, asipompata anakitupa pembeni kisubiri. Mwisho wa kazi anaangalia pembeni: vimebaki vingapi visivyo na wenzao? Palindromu ni kioo. Herufi iliyo kushoto lazima iwe na pacha wake kulia, umbali uleule kutoka katikati. Anayeruhusiwa kukosa pacha ni mmoja tu, yule anayesimama katikati kabisa. Kwa hiyo huna haja ya kupanga neno lolote. Hesabu tu kila herufi imetokea mara ngapi. Zile zenye idadi witiri zikiwa hazipo au ikiwa moja tu, jibu ni ndiyo. Zikiwa mbili au zaidi, jibu ni hapana. Kwa maneno ya programu, lakini kwa lugha ya kwetu:

chukua neno, weka kapu tupu
kwa kila herufi ya neno:
kama pacha wake yumo kapuni, mtoe
kama hayumo, itie hiyo herufi kapuni
mwisho, kapu likiwa tupu au lina herufi moja: sema ndiyo
likiwa na zaidi: sema hapana

Mistari sita. Utenzi una mistari minne kwa ubeti, na watu wanahifadhi beti mia. Usiniambie mistari sita imekushinda.

Sasa tazama ubaya wa asiyefikiri. Wapo watunga programu, na wanalipwa mshahara, ambao wakipewa swali hili hukimbilia kupanga herufi kwa kila namna, kisha kukagua mpango mmoja mmoja kama ni palindromu. Wape neno harakaharaka. Lina herufi 12. Namna za kuzipanga herufi 12, ukizichukua kila moja kivyake, ni 479,001,600. Mashine itatoka jasho. Mwenye kapu anapita kwenye neno mara moja, hatua 12, na amemaliza: h mbili, a sita, r mbili, k mbili. Zote shufwa. Ndiyo. Haraka haraka haina baraka, wazee walishasema, na hawakuwa na kompyuta.

Ndiyo maana nasema mtu wa hisia asitutishe. Kuhesabu kwenyewe ni utulivu. Ni kulitazama neno mpaka likuambie siri yake, badala ya kulitikisatikisa ukitegemea bahati. Mwandishi asiyetaka kulitazama neno namna hiyo, hizo hisia zake anaziandika kwa kutumia nini?

Hebu tulipitishe kapu letu katika familia. Kaka: k mbili, a mbili. Anapita. Dada anapita. Baba na mama wanapita. Bibi anapita bila taabu. Babu: b mbili, a moja, u moja. Babu amebaki nje ya mlango! Shangazi ndiyo usiseme, kapu limejaa. Kicheko, lakini angalia kilichotokea. Waliopita wote wana mwendo mmoja: ka-ka, da-da, bi-bi. Neno limejirudia. Na Kiswahili kinapenda kujirudia kuliko lugha nyingi unazozijua: polepole, sawasawa, kimyakimya, katikati, mbalimbali, pikipiki, pilipili. Walimu wa lugha wanaita uradidi. Basi hapa pana kanuni ambayo hutaikuta katika vitabu vya kompyuta, kwa sababu waandishi wake hawakuwa na polepole vichwani: neno lolote la Kiswahili lililojirudia lote zima litapita mtihani huu, daima, bila hata kuliendesha kwenye mashine. Kila herufi imekuja na pacha wake. Kinyume chake, kizunguzungu kimejirudia nusu, ki- imekuja peke yake, nacho kinakataliwa. Hata kigeugeu, neno lenye sifa ya kugeuka, likifika kwenye kioo hiki halipiti.

Hiyo ni elimu ya lugha, na imetoka kwenye chemshabongo ya kompyuta. Nani ataigundua? Hatakuwa yule anayefundishwa kwa *civic* na *racecar* tu. Katika darasa moja la kompyuta mjini, nililolipia ada kwa jasho langu, mwalimu alitukataza kujaribu programu kwa maneno ya Kiswahili. Alisema yanachanganya. Yanachanganya nini? Kama programu inachanganywa na lugha ya mtaa inamotumika, basi mgonjwa ni programu, na kazi ya mwalimu ilikuwa kutuonyesha ugonjwa huo, wala siyo kutuficha.

Kwa maana ugonjwa upo. Sasa naugeukia upande wa pili, ule wa "herufi ni herufi".

Lipe kapu neno acha. A mbili, c moja, h moja. Mbili hazina wenzao. Hapana. Lipe ishi: i mbili, s, h. Hapana. Lipe uchu: hapana. Sasa yatamke. A-ch-a. I-sh-i. U-ch-u. Kwa sikio la Mswahili hayahitaji hata kupangwa upya. Ni palindromu tayari, yamekaa sawa kama mizani ya duka. Mashine imeyakataa kwa sababu inadhani ch ni vitu viwili. Lakini wewe unajua kwamba katika Kiswahili c haitembei peke yake hata siku moja. Haina kazi nyingine isipokuwa kumshika h mkono. Na babu zetu walipoandika kwa herufi za Kiarabu, sh ilikuwa herufi moja, shini, yenye nukta zake tatu. Ni walioiandika lugha hii kwa herufi za Kizungu ndio waliotumia mbili. Sina ugomvi nao, tumeshazoea. Ugomvi wangu ni na yule anayechukua uamuzi wa mwandiko akaugeuza kuwa sheria ya maumbile.

Wengine hawakukubali. Wacheki wana ch kama sisi. Kwao ni herufi moja kamili, kwenye kamusi inakaa baada ya h, na kompyuta zimefundishwa kuyapanga maneno yao hivyo. Wahispania walikuwa wakiipa ch yao nafasi yake katika kamusi, mpaka mwaka 1994 wenyewe, kupitia vyuo vyao vya lugha, walipokaa kikao wakaamua maneno hayo yapangwe ndani ya c. Mmoja kaiweka, mwingine kaiondoa, lakini wote waliamua. Mashine haikuwaamulia. Sisi tumekaa wapi tukaamua?

Na hata pale mashine inaposema ndiyo, hebu tuiulize: ndiyo ya nini?

Chukua pilipili. P mbili, i nne, l mbili. Ndiyo, inasema mashine, inawezekana. Vizuri. Namna tofauti za kuzipanga herufi hizo ni 420, na katika hizo palindromu ni 12. Tuzitafute basi zinazotamkika. Karibu kila neno letu linaishia na vokali; kwa hiyo palindromu yetu lazima ianze na vokali pia, maana mwanzo na mwisho ni pacha. Herufi ni nane, kwa hiyo katikati zitakaa herufi mbili zinazofanana, nasi hatuna pp wala ll. Lazima ziwe ii. Tumeshamaliza i zote nne: mbili pembeni, mbili katikati. Zimebaki p na l, na hazina pa kukaa isipokuwa kubanana pamoja. Unapata *ipliilpi*, au *ilpiipli*. Hebu itamke mbele ya mama yako. Palindromu 12, na hakuna hata moja ambayo mdomo wa Mswahili unaweza kuibeba.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kuwezekana na kuwa na maana, na hapo ndipo mwandishi anapoingilia kazini. Mtihani wa kapu unakuambia mlango haujafungwa. Haukuambii kama kuna nyumba nyuma ya mlango. Mashine inaweza kuhakikisha la kwanza kwa hatua nane. La pili linataka mdomo, sikio, na miaka ya kusikiliza watu wakiongea.

Lakini mimi sikubali kuishia hapo, kwa kusema "mashine haijui, sisi tunajua," kisha turudi kijiweni tukanywe kahawa. Huo ni uvivu uliovaa kanzu. Kama kipimo ni kibovu, leta kipimo kingine. Na kipimo tunacho. Tumekuwa nacho siku zote.

Watoto wa pwani wana mchezo wa kusema kinyume, ili wakubwa wasielewe. Wanachukua kipande cha mwisho cha neno wanakileta mbele: mbuzi anakuwa zimbu. Mchezo huu si wa jana; Edward Steere, askofu aliyekaa Zanzibar, aliweka mifano yake katika kitabu chake cha Kiswahili karne ya 19. Sasa jiulize: mtoto asiyejua hata kuandika, anapoligeuza neno, anageuza nini? Hageuzi herufi. Hasemi *izubm*. Anageuza silabi. Na mshairi anapopima mstari wake, mizani nane huku na nane kule, anahesabu nini? Silabi. Kipande cha lugha yetu, kile ambacho sikio linakikata bila kufundishwa, ni silabi. Mtoto anajua na malenga anajua. Asiyejua ni mashine, kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Basi tuiambie. Mistari ni ileile sita, kapu ni lilelile, ila badala ya herufi tia silabi. Tazama dunia inavyogeuka. Katika: ka-ti-ka. Tafuta: ta-fu-ta. Takata: ta-ka-ta. Palindromu safi, zimesimama wima, na zote tatu kapu la herufi lilizikataa. Nenda kahesabu mwenyewe. Familia yetu ya kaka na dada haina haja tena hata ya kupangwa upya: ka-ka ni ka-ka ukianzia upande wowote. (Babu bado yuko nje, pole babu.) Na pilipili je? Pi mbili, li mbili. Namna za kuzipanga ni sita tu badala ya 420, na palindromu ni mbili tu badala ya 12. Ya kwanza: pi-li-li-pi. Ya pili: li-pi-pi-li. Zisome taratibu. Dada yako anaitwa Pili. Ameshika magauni mawili hajui avae gani, nawe unamuuliza:

"Pili, lipi?"

Au, ukiwa na haraka:

"Lipi, Pili?"

Zote mbili! Palindromu mbili zilizomo ndani ya pilipili, na zote mbili ni Kiswahili kitupu, swali lilelile kwa mipangilio miwili. Kwa herufi tulipata kumi na mbili zilizokufa. Kwa silabi tumepata mbili, na zote zinahema.

Na harakaharaka, ile iliyotaka kuitoa mashine jasho? Ha mbili, ra mbili, ka mbili. Palindromu zake kwa silabi ni sita. Nimezipitia zote, na mbili zinasema jambo. Moja ni karaha haraka. Nyingine hii hapa, isome kwenda na kurudi:

Haraka, karaha.

Ha-ra-ka-ka-ra-ha. Karaha ni chukizo. Ndani ya methali ya wazee ilikuwa imelala methali nyingine, inasema jambo lilelile kwa maneno mawili, nayo inasomeka mbele na nyuma. Nani kaiweka humo? Lugha yenyewe. Nani kaitoa? Kapu la mistari sita, likiwa mkononi mwa mtu anayejua karaha ni nini. Mashine peke yake ingezileta zote sita na kuziweka mezani bila kujua ipi inaongea. Mshairi peke yake, na hisia zake, angepita juu yake miaka mia.

Sasa ndio nasema: hili si jambo la mchezo tena. Fikiria inavyotakiwa ili mashine ijue kukata silabi. Utaiambia: konsonanti na vokali inayofuata ni silabi moja. Sawa. Vipi kuhusu m? Mbuzi ni mbu-zi, silabi mbili. Mbunge ni m-bu-nge, silabi tatu. Herufi za mwanzo ni zilezile, m, b, u, lakini neno moja m yake imemezwa na b, neno jingine m yake imesimama kivyake kwa sababu ni ya mtu, m-bunge, mtu wa bunge. Na mbu, yule mdudu wa malaria, ni m-bu, mbili. Mtunga programu atakodoa macho. Hajawahi kufikiria. Lakini kijana yeyote aliyewahi kutunga shairi la mizani akasahihishwa na wazee anajua jambo hili kwa vidole vyake. Anayechana mistari juu ya mdundo analijua pia, la sivyo angeporomoka katikati ya pigo. Yaani elimu inayotakiwa tunayo sisi, halafu sisi haohao ndio tunaosema pilipili iko shamba.

Wakati tunasema hivyo, shamba linalimwa. Mashine kubwa za siku hizi zinazojibu maswali na kutunga maandishi hukata maneno vipandevipande kabla ya kuyashughulikia. Ukataji huo hufuata takwimu za maandishi mengi waliyokusanya wenye mashine, na kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Silabi zetu hazimo katika hesabu hiyo. Kisu kinapita popote. Usilalamike kwamba mashine inaandika Kiswahili chenye makengeza kama wewe, mwenye lugha, hukutaka hata kujua mahali kisu kinapopita.

Najua watakaonijibu, na mimi nawajibu kabisa hapa hapa.

Wa kwanza atasema sanaa si hesabu. Bwana mdogo, uliza waliokutangulia. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, bingwa wa nathari ya Kiarabu, alitia palindromu ndani ya makama zake, na wasomi wa balagha wa Kiarabu wana jina kabisa la fani hiyo. Huko Paris, mwaka 1960, waandishi na wanahisabati walianzisha kundi la Oulipo kwa ajili ya kutunga kwa masharti ya namna hii. Mmoja wao, Georges Perec, mwaka 1969 alitunga palindromu yenye herufi zaidi ya 5,000, na mwaka huohuo akatoa riwaya nzima isiyo na herufi e. Na kwetu? Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam, mwaka 1954 alitoa kitabu chenye sheria za kutunga mashairi. Kuhesabu ni mila yetu.

Wa pili atasema yeye ni wa mashairi huru, mizani ameitupa. Vizuri. Kezilahabi naye aliitupa katika *Kichomi*, mwaka 1974, na ugomvi ukawaka miaka. Lakini Kezilahabi alijua alichokitupa, ndiyo maana kutupa kwake kulikuwa na uzito. Wewe umetupa nini kama hukuwahi kukishika? Mtu asiyekuwa na shati hawezi kujisifu kwamba amelivua.

Wa tatu ni mtunga programu. Atasema: ndugu, kwenye usaili wakiniuliza swali hili nikawajibu kwa silabi, kazi sipati. Nani kakuambia ujibu kwa silabi tu? Toa jibu la herufi kwa hatua chache, wakuone unajua. Kisha uliza swali moja: herufi kwa maana gani? Herufi iliyochapwa, sauti, au silabi? Mtu anayeuliza swali hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza ndiye mtunga programu wa kweli. Asiyeuliza ni mpiga chapa.

Na wa nne atasema mbona hata sh yenyewe inateleza. Mbona Is-haka anaandikwa kwa kistari ili s na h zisishikane? Huyu nampenda. Huyu ameanza kufanya kazi. Ndiyo, inateleza, ng na ng' zinateleza pia, na kila panapoteleza panataka mtu anayejua lugha akae na mtu anayejua mashine, waandike kanuni, waijaribu, igome, waandike tena. Tunamtaka akae nasi mezani.

Basi madai yangu ni haya, na nayaweka wazi ili asitokee wa kusema nimepiga kelele tu.

Kila kijana anayejiita mwandishi ajifunze ile mistari sita. Si lazima awe na kompyuta. Karatasi na kokoto zinatosha, kokoto moja kwa kila silabi. Achukue jina lake, jina la mtaa wake, methali ya bibi yake, amwage silabi mezani, aone zipi zina pacha. Kila kijana anayejiita mtunga programu achukue maneno mia ya Kiswahili ayapitishe kwenye programu yake kabla ya kuthubutu kusema inafanya kazi. Aanze na acha, ishi, mbuzi na mbunge. Wahariri wa majarida madogo kama hili watupe ukurasa mmoja wa haya, waupange baada ya mashairi, na kila toleo tulete kilichopatikana. Na makundi haya mawili yaache kukaa vijiwe viwili tofauti vya mtaa mmoja yakitazamana kwa dharau. Kiswahili chenyewe hakikuwatenga. Yule anatunga mashairi, huyu anatunga programu. Kitenzi ni kimoja.

Pilipili imo katika kila neno tunaloandika kwenye simu na kila neno ambalo mashine inatuandikia, na asiyeihesabu ndiye itakayemwasha wa kwanza. Kama huamini, mwage silabi za jina lako mezani leo usiku, uhesabu pacha.